Mlango wa Dari Niliousahau

Kwa zaidi ya miaka miwili nilikuwa napiga deki korido ya nyumba yetu ya Nkuhungu, hapa Dodoma, asubuhi, na ikifika jioni vumbi limesharudi palepale. Halikutapakaa korido nzima. Lilikaa katikati, kati ya mlango wa chumba cha watoto na mlango wa bafu, na ukichuchumaa ukaangalia vigae kwa mwanga wa dirisha la mwisho, uliliona limejipanga kama mraba uliofifia, mistari minne, katikati pakiwa na nafuu kidogo. Nikawagombeza watoto kwa viatu vyao. Nikanunua mazulia ya mlangoni. Nikaweka raba chini ya mlango wa mbele na kubadilisha nyavu za madirisha. Mraba ukabaki.

Sikuwahi kuinua macho. Juu ya mraba ule, kwenye dari, kulikuwa na mraba mwingine wa ukubwa uleule: kile kifuniko cha plaiwudi ambacho fundi anakisukuma akitaka kupanda darini.

Mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu nyumba nzuri ni ile inayopitisha upepo. Unafungua mbele na nyuma, upepo wa bahari unaingia na jasho linakauka. Nilipohamia Dodoma na familia nilikuja na akili hiyohiyo, na Dodoma ikanifundisha vingine. Huku tuko kwenye mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na miezi inayobaki ni ukame na upepo wa mashariki unaobeba vumbi kutoka viwanja ambavyo bado havijajengwa. Oktoba na Novemba jua linachoma. Juni na Julai usiku baridi inashuka hadi nyuzi 13 au 14, na mtu aliyezoea Tanga anatafuta blanketi la pili. Nyumba moja inatakiwa ipambane na vyote hivyo, na juu yake kuna bati tu.

Bati halina unene. Jua likitoka linapata moto mara moja, na usiku anga likiwa jeupe bila wingu linapoa haraka kuliko hata hewa inayolizunguka. Ndiyo maana asubuhi za kipupwe unakuta umande juu ya bati wakati ardhi imekauka. Kati ya bati na dari kuna ule uwazi ambao mchana ni tanuri na usiku ni friji, na kinachotutenganisha nao ni ubao wa jipsamu usiofika hata sentimita moja.

Mwaka 2023 tuliamua kupambana na joto. Mume wangu aliagiza pamba ya kioo, ile ya kuzuia joto, kutoka Dar es Salaam, roli za unene wa sentimita 5, na vijana wawili wakaitandaza juu ya dari ya vyumba vyote na korido. Ilikuwa pesa nyingi kwetu, tuliikusanya karibu mwaka mzima. Vyumbani tuliona mabadiliko wiki ileile. Mchana wa Oktoba ulikuwa unaweza kulala bila feni kukupuliza usoni. Lakini korido ilibaki na joto la ajabu, na vyumba viwili vinavyopakana nayo vilikuwa na nafuu ndogo kuliko vingine.

Ofisini kwetu kulikuwa na kile kipimajoto cha umbo la bastola tulichokuwa tunapimiwa nacho kwenye paji la uso wakati wa Korona. Kina kitufe cha kupimia vitu badala ya watu. Nikakiazima, nikarudi nacho nyumbani saa nane mchana, nikaanza kuelekeza juu chumba kwa chumba. Dari ya chumbani kwetu, nyuzi 32. Ya sebuleni, 32. Ya watoto, 33. Nikafika korido, nikaelekeza kwenye kifuniko: 41. Nikarudia, 41. Nikasema kifaa kimeharibika. Nikakirudisha kesho yake bila kumwambia mtu.

Hapo ndipo najilaumu mpaka leo, kwa sababu jibu nilikuwa nimelishika mkononi. Wale vijana walipotandaza pamba waliacha kifuniko bila pamba, maana walikuwa wanapitia hapohapo. Wakamaliza, wakashuka, wakarudisha plaiwudi yake nyembamba, wakalipwa, wakaondoka. Tulikuwa tumevalisha nyumba nzima kofia, katikati ya kofia kuna tundu. Kabla ya pamba tundu lile halikuonekana, kwa sababu dari nzima ilikuwa na joto sawa nalo. Ni pale dari ilipopata nafuu ndipo kifuniko kilipojitenga.

Aliyenionyesha ni mama mkwe wangu. Alikuja Juni 2024 kwa ajili ya kliniki ya macho, akakaa kwetu mwezi na nusu. Ni Mgogo wa Mvumi, amezaliwa na kulelewa kwenye tembe, ile nyumba ya asili ya Wagogo yenye kuta za miti na udongo na paa bapa la magogo yaliyofunikwa udongo mzito. Siku ya tatu tu, nilipomwamkia asubuhi, "Shikamoo mama, umelalaje?" akajibu marahaba, halafu akasema, "Nimelala, mwanangu, ila nyumba yenu inavuta. Usiku nasikia mguuni kama kuna mtu anapita."

Alilala chumba cha watoto, mlango wake uko karibu kabisa na kile kifuniko. Nikamwongezea blanketi. Usiku uliofuata akaniomba jiko la mkaa aliweke chumbani lichangamshe hewa, kama walivyozoea.

Niseme hapa bila kuzunguka, kwa sababu kila kipupwe jambo hili linatuondolea watu: jiko la mkaa halilali ndani na mtu. Mkaa unapoungua kwenye chumba chenye hewa kidogo unatoa monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoshikamana na damu mahali ambapo oksijeni ilipaswa kukaa. Mtu aliyelala hasikii chochote cha kumwamsha. Kwenye tembe moshi ulipata pa kupenya na moto ulikuwa na mtu wa kuutazama. Kwenye chumba cha matofali chenye madirisha ya alumini yaliyofungwa, hali ni nyingine kabisa. Na kadiri unavyoziba nyumba dhidi ya baridi, ndivyo jiko hilo linavyozidi kuwa la hatari. Nilimwambia mama, "Naomba uniwie radhi, hili siwezi." Nikajaza chupa mbili za maji ya moto, nikazifunga kwa kanga, nikamwekea miguuni. Hakufurahi, lakini alilala.

Jioni ya Jumamosi nikachoma ubani kwenye chetezo, kama nilivyozoea kwetu, nikakiweka sakafuni koridoni. Milango ya vyumba yote ilikuwa imefungwa. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti mlangoni pa chumba chake. Akaniita.

"Mama Asha, hebu angalia moshi wako unakokwenda."

Moshi ulikuwa unapanda kama uzi hadi kwenye kimo cha kitasa cha mlango. Hapo ukapinda. Ulikwenda moja kwa moja kwenye pembe ya kifuniko, ukajikusanya, ukaingia kwenye ufa kana kwamba kuna mdomo unaunyonya huko juu. Tulisimama pale kama dakika tano. Nilisogeza chetezo kwa mguu hadi mlangoni pa bafu. Moshi ukapinda upande wa pili, ukaurudia ufa uleule.

"Sisi juu tulikuwa na udongo," mama akasema. "Juu hapana mlango."

Kinachotokea ni hiki. Hewa ya ndani, iliyopashwa moto na miili yetu, na jiko la gesi, na kuta zilizokula jua mchana, ni nyepesi kuliko hewa baridi ya nje. Inapanda. Ikipata ufa darini inatoka, na kwa kila ndoo ya hewa inayotoka juu lazima ndoo nyingine iingie chini, kupitia chini ya milango na pembeni mwa madirisha. Yule "mtu anayepita" miguuni pa mama alikuwa hewa ya nje ikija kuziba nafasi. Mchana wa upepo mambo yanageuka: upepo unaingia chini ya bati na kwenye fishabodi, ule ubao wa ukingo wa paa, unajaa darini na vumbi lake, unasukuma chini kupitia ufa huohuo. Na hapo nikakumbuka ule mlio mdogo, tak, ambao tulikuwa tunausikia kila mtu akibamiza mlango wa mbele. Miaka yote tulisema ni panya. Kilikuwa kifuniko kikinyanyuka na kurudi, na kila kikirudi kinanyunyiza mraba wake wa vumbi kwenye vigae.

Kesho yake nikapanda ngazi na rula ya mtoto. Tundu ni sentimita 60 kwa 60. Kifuniko kilikuwa kimelala tu juu ya ukingo wa mbao, hakina kitu cha kukishika, na plaiwudi ilikuwa imepinda, kwa hiyo ufa ulikuwa kati ya milimita 2 na 4. Chukua milimita 3. Ukizunguka pande zote nne ni sentimita 240. Zidisha: sentimita za mraba 72. Ni sawa na kutoboa dari tundu la sentimita 9 kwa 8, mkono wangu unapita, na kuliacha wazi usiku na mchana, mwaka mzima. Hakuna mtu ambaye angekubali kutobolewa dari hivyo. Likiwa limenyooshwa kuwa ufa mwembamba, hulioni.

Nilitaka kumaliza siku ileile, na haraka ile ikanipeleka pabaya. Kulikuwa na kipande cha godoro la zamani stoo. Nikakikata kwa kisu cha jikoni, nikakibandika juu ya plaiwudi kwa gundi ya viatu, kikubwa kuliko tundu ili kijikaze pembeni. Nikasukuma juu. Ufa ukaziba, mama akalala vizuri, nami nikajisifu moyoni.

Agosti alikuja fundi umeme kwa tatizo la taa ya bafu. Akapanda, kichwa kikapotea darini, kikarudi. Akaniita nipande ngazi ya pili kutoka nyuma yake nione mwenyewe. Waya mbili za taa zilikuwa zimeunganishwa kwa kusokotwa na kufungwa utepe, bila kisanduku, na muungano ule ulikuwa umelala juu ya sponji ya godoro langu. Nilipokisukuma kifuniko siku ile nilikuwa nimeziinua waya pamoja nacho. "Dada, hii ikichemka hapa," akasema, "sponji inashika kama petroli." Sponji ya godoro inawaka kwa kasi na moshi wake ni sumu. Nami nilikuwa nimeiweka juu ya njia ambayo watoto wanapitia kutoka chumbani kwenda mlango wa mbele.

Akaziingiza waya kwenye bomba na kisanduku chenye kifuniko, akavifunga kwenye mbao mbali na tundu. Godoro nikalishusha mwenyewe.

Yale maboksi meupe mepesi ya povu gumu yanayokuja na friji au televisheni, nayo yanashawishi kwa sababu ni bure na yanazuia joto vizuri. Yanawaka pia, na panya wanayapenda. Sikuyatumia.

Kazi ya kweli ilifanywa na fundi seremala wa mtaa wa pili, mzee mtaratibu ambaye alitumia saa nzima kupima kabla hajashika msumeno. Nilimweleza ninachotaka: kifuniko kisichopitisha hewa, kisichopitisha joto, na ambacho fundi mwingine akija anaweza kukifungua bila kukivunja. Hilo la tatu yeye ndiye aliyelisisitiza. Kuna majirani wameziba tundu kabisa kwa jipsamu na kupiga rangi. Siku bomba likivuja au waya ikipata hitilafu wanapasua dari upya.

Kwanza alipanda juu na kujenga ukuta mdogo wa mbao kuzunguka tundu, kimo cha sentimita 15, ili pamba ya kioo ifike hadi ukingoni bila kumwangukia mtu usoni. Kabla ya hapo vijana walikuwa wameirudisha nyuma karibu nusu mita kila upande, kwa hiyo eneo lililokuwa tupu lilikuwa kubwa kuliko kifuniko chenyewe. Sikulijua hilo mpaka nilipopanda na tochi. Nyufa za fremu na jipsamu akazijaza silikoni.

Kifuniko kipya ni plaiwudi nene ambayo haipindi, na sasa kinafunguka kuja chini kwa bawaba mbili. Mgongoni mwake akapigilia sanduku jembamba la kina cha sentimita 10, tukalijaza pamba ya kioo iliyobaki, mikunjo miwili, akafunika juu kwa plaiwudi nyepesi. Mimi ndiye niliyepanga pamba, na nilikuwa naikandamiza iingie nyingi zaidi. Akanishika mkono. Kinachozuia joto kwenye pamba ile ni hewa iliyonaswa kati ya nyuzi, ukiibana unaifukuza hewa na faida yake inapungua. Iache ikae kwa unene wake.

Tulipokifunga mara ya kwanza kikagoma. Upande wa bawaba kilikaa vizuri, ila kona ya juu ya sanduku upande wa mbele iligonga fremu na kubaki inaning'inia. Mzee hakushtuka. Kitu kinachozunguka kwenye bawaba, alisema, kona yake ya juu inapita mbali zaidi kuliko ya chini. Akarandia upande ule kwa mshazari, kama sentimita moja tu kwa juu, kikaingia.

Mwisho akabandika utepe wa sponji wenye gundi, ule wa milango ya alumini, kuzunguka ukingo wote, pembeni akikutanisha ncha bila kuacha pengo. Komeo mbili upande wa mbele zinakivuta kifuniko kikaze sponji. Komeo moja haitoshi, kona moja inabaki imelegea. Tulijaribu karatasi ya daftari kwenye ufa na kwa komeo moja ilitoka bila kuchanika. Kwa mbili, ilichanika. Vifaa na ufundi havikufika shilingi elfu 80, kwa sababu pamba tulikuwa nayo.

Ukipanda mwenyewe, vaa mikono mirefu, glavu na barakoa. Pamba ya kioo inawasha ngozi, na vumbi la darini lina kinyesi cha popo na panya. Kanyaga kwenye mbao tu. Jipsamu haibebi mtu, mguu wako utatokea sebuleni.

Na tafadhali, yale matundu ya hewa kwenye gebo, ile pembetatu ya ukuta chini ya paa, msiyazibe. Jirani yangu aliposikia habari hizi alitaka kuyapiga plasta yote ili "joto lisiingie". Yale ndiyo yanayolitoa joto la chini ya bati, na yanakausha unyevu usiozeshe mbao. Kinachotakiwa ni wavu imara wa kuzuia popo. Unaziba kati yako na dari. Dari na nje, unaacha wapumuane.

Oktoba ile nikakiazima tena kipimajoto. Saa nane, bati likilia kwa joto kama linavyolia miezi ile. Dari ya korido 32. Kifuniko 33. Nikapima mara tatu, safari hii nikiamini. Mraba wa vumbi ulishapotea tangu wiki ya kwanza. Mtoto wetu wa pili, ambaye alikuwa anaamka na mafua ya vumbi karibu kila asubuhi ya Septemba, alipitisha mwezi ule na siku chache tu za kupiga chafya.

Nisidanganye kwamba kifuniko kimoja kinapoza nyumba. Kama dari yako haina kitu juu yake, ukivalisha kifuniko peke yake utapunguza vumbi na baridi ya usiku, lakini joto la mchana litaendelea kushuka kupitia mita zote zilizobaki za jipsamu. Kwetu kilifanya kazi kubwa kwa sababu kilikuwa sehemu pekee iliyobaki uchi.

Mama amerudi Juni hii. Jioni ya kwanza kabla hata hajamaliza chai akauliza chetezo kiko wapi. Nikaweka ubani palepale, tukafunga milango, akavuta kiti chake. Moshi ulipanda, ukafika chini ya kifuniko, ukatandaa pande zote taratibu. Mama akaufuata kwa kidole. Baada ya muda sehemu yake moja ikaanza kujivuta kuelekea taa ya korido, ikazama kwenye kiduara kinachoizunguka.

"Na pale?" akauliza.

Fundi umeme anakuja Jumamosi.